Mlima na mizigo: tunayoambiwa na yaliyo kweli

"Mlima unataka miguu yenye nguvu." Ndiyo kauli ya kwanza anayoambiwa mtu anapofunga mabegi kwenye baiskeli kwa mara ya kwanza, na ndiyo inayoharibu magoti ya wengi. Mlima unataka gia nyepesi na moyo wa kwenda polepole.

Tuseme wewe, baiskeli na mizigo kwa pamoja mna kilo 110, na mwinuko ni wa asilimia 8. Ukienda kilomita 5 kwa saa unahitaji takriban wati 130, kazi ambayo mtu mwenye mazoezi ya kawaida anaweza kuifanya kwa muda mrefu. Ukilazimisha kilomita 8 kwa saa, unahitaji zaidi ya wati 200, na hapo wengi wetu pumzi hukata mapema. Mlima ni uleule na mzigo ni uleule. Uliobadilika ni mwendo.

Ila mwendo huo wa polepole hauwezekani kama gia haikuruhusu. Sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele yenye meno 22 na ya nyuma yenye meno 34 husogeza baiskeli ya magurudumu makubwa kama mita 1.4 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwa kilomita 5 kwa saa, miguu inazunguka mara 60 hivi kwa dakika, mzunguko laini usiochosha. Ukiwa na meno 34 mbele na 28 nyuma, kila mzunguko unakupeleka mita 2.5, hivyo miguu inazunguka mara 33 tu, na kila ukikanyaga unabeba karibu mara mbili ya uzito. Safari yangu ya kwanza niliifanya kwa gia za namna hiyo kwa sababu niliamini gia ndogo ni za wanyonge. Siku ya nne nilikuwa na maumivu chini ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, nashuka ngazi kinyumenyume huku nimeshika ukuta. Ndiyo maana nasema: kabla hujanunua hema jepesi, badilisha sproketi. Kupunguza kilo moja kati ya 110 kunakuokolea chini ya asilimia moja ya kazi. Sproketi sahihi inakuokolea magoti.

Wengine husema uchukue kasi chini, mlima utaumaliza kwa nguvu hiyohiyo. Hesabu yake ni fupi: ukiingia kwa kilomita 30 kwa saa, kasi yote hiyo ikigeuzwa kuwa kimo inakupa mita 3.5 tu, hata mzigo uwe mzito kiasi gani. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, hizo ni mita 44 za barabara. Kwa kituta, sawa. Kwa mlima wa kilomita sita utakuwa umemaliza pumzi mlangoni. Badala yake weka gia nyepesi kabla mwinuko haujakaza, kwa sababu ukingoja mpaka miguu imelemewa, cheni italia "kra-kra", itaruka meno, na pengine itatoka kabisa.

Kuhusu kunyonga ukiwa umesimama: baiskeli tupu huyumba kushoto na kulia kwa wepesi, lakini yenye mabegi hukuvuta upande unaoangukia, na nguvu nyingi huishia kwenye mikono. Simama mara chache, mizunguko ishirini hivi, kupumzisha makalio na mgongo, kisha rudi kwenye siti.

Asilimia 10 kwenye kibao cha barabarani si digrii 10. Ni mita 10 za kimo kwa kila mita 100 za kwenda mbele, yaani chini kidogo ya digrii 6. Kwa mwenye mizigo zinatosha kabisa.

Mizigo yote kuwekwa kwenye keria ya nyuma ni kosa linalojificha mpaka mwinuko ukaze. Hapo gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unatangatanga, na kila ukikanyaga tairi inataka kunyanyuka. Hamishia vitu vizito mbele, chini, sawa pande zote mbili. Mimi huweka chakula na vifaa vya kutengenezea huko.

Halafu kuna aibu ya kushuka na kusukuma. Chini ya kilomita 4 kwa saa ni vigumu kushika mizani, na huo ni karibu mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo hupotezi muda. Tusidanganyane lakini: kusukuma nako kunachosha mabega. Mkono mmoja ushike usukani, mwingine siti. Hesabu hatua hamsini, finya breki ili mzigo usikurudishe nyuma, vuta pumzi, endelea. Ukitaka kupanda tena pasipo na magari, elekeza baiskeli kimshazari na pedali moja iwe juu kidogo mbele, uachie breki pale tu unapoikanyaga.

Na mteremko wa upande wa pili si mapumziko. Kilo zilezile 110 sasa zinakusukuma. Breki za kubana rimu zikikamatwa mfululizo huchemsha rimu hadi tyubu ikaweza kupasuka. Finya kwa nguvu kwa muda mfupi, achia ipoe, kisha finya tena. Rimu ikiwa imepata moto, simama pembeni uisubiri ipoe, na usiiguse kwa kidole kitupu.