Gharama ya kubomoa mtambo wa makaa huandikwa siku unapojengwa

Wahasibu ninaowaandaa hapa Dodoma kwa mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, huuliza kwa nini ninawasumbua na mitambo ya makaa ya mawe, ilhali gridi yetu inategemea zaidi maji na gesi. Ninawajibu kwamba mhasibu wa mgodi wa dhahabu Singida hukutana na kanuni hizohizo za gharama ya kubomoa na kurejesha eneo, ila kwenye makaa matokeo yake huonekana waziwazi zaidi.

IAS 37, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, hutaka dhima, yaani deni linalotarajiwa kulipwa baadaye, iandikwe pale ambapo tukio lililopita limekwisha kuzaa wajibu, malipo yanatarajiwa na kiasi chake kinakadirika. Kama leseni inamlazimu mwenye mtambo kuuondoa na kurejesha eneo katika hali yake, wajibu huo ulizaliwa alipoujenga. Makadirio hurudishwa kwenye thamani ya sasa, yaani kiasi cha leo ambacho kikikua kwa kiwango fulani cha mwaka (kiwango cha punguzo) kitafikia gharama ya baadaye, na IAS 16, kiwango cha mali na mitambo, huongeza kiasi hichohicho kwenye gharama ya mtambo ili kiingie katika uchakavu mwaka hadi mwaka.

Tuchukue ubomoaji utakaogharimu shilingi bilioni 100 baada ya miaka 30. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 8, dhima ya leo ni takriban bilioni 9.9, kwa asilimia 12 inashuka hadi bilioni 3.3, bila hata nondo moja kupungua. Ndiyo maana mimi hubishana na wakurugenzi zaidi juu ya kiwango hicho kuliko juu ya makadirio ya wahandisi.

Majivu yana utaratibu wake. Wajibu wa kufunika mabwawa ya majivu huongezeka kadiri makaa yanavyochomwa, kwa hiyo sehemu hiyo huandikwa kidogokidogo pamoja na uzalishaji, wala haiwezi kuandikwa yote siku ya kwanza.

Kinachotikisa vitabu zaidi ni tarehe. Mtambo wa mfano wetu ukifikisha miaka 10, kwa kiwango kilekile cha asilimia 8, dhima huwa imekua hadi bilioni 21.5. Serikali ikitangaza wakati huo kwamba ufungwe miaka 10 mapema, inaruka hadi bilioni 46.3. IFRIC 1, ufafanuzi wa viwango hivyo kuhusu mabadiliko ya dhima za ubomoaji, huelekeza ongezeko hilo liingie kwenye gharama ya mtambo, lakini mtambo wenyewe umebakiza miaka michache ya kuuza umeme, hivyo ni lazima kupima kama thamani hiyo itarudi kweli.

Wala dhima vitabuni si fedha benki. Komati, mtambo wa makaa wa shirika la umeme la Eskom uliozimwa Oktoba 2022 huko Afrika Kusini, ulitengewa na Benki ya Dunia dola milioni 497 za kuufunga na kuubadilishia matumizi, sehemu kubwa ikiwa mikopo.

Nikipewa hesabu za aina hii, kwanza hulinganisha mwaka ambao uchakavu wa mtambo unaishia na mwaka wa ubomoaji uliotumika kukokotoa thamani ya sasa ya dhima. Vikipishana bila maelezo, siendelei na ukurasa unaofuata mpaka nijibiwe.