Kwa nini unalowa ndani ya koti la mvua lisilovuja?

Toka Mwanza mjini na baiskeli alfajiri kuelekea Musoma, kama kilomita 220 hivi, na kabla hujafika Magu unaweza kuwa umeshaonja jua, upepo wa ziwani na mvua ya ghafla. Mtu anavaa koti la mvua, anafunga zipu mpaka kidevuni, anakanyaga pedeli, mvua ikikatika anavua anakuta shati limelowa chapachapa. Hapo hapo anatoa hukumu: nimeuziwa feki.

Mara nyingi koti halina kosa. Maji yale ni ya kwake mwenyewe, ni jasho.

Watu hawalikubali hili kirahisi, na wana hoja, maana bodaboda anavaa koti lile lile anatoka Igoma mpaka Nyegezi kwenye mvua na anafika mkavu. Sawa, ila bodaboda amekaa tu, injini ndiyo inahangaika. Kwenye baiskeli anayehangaika ni wewe, na katika nguvu yote unayochoma karibu robo tu ndiyo inafika kwenye pedeli, iliyobaki inageuka joto, na mwili ukitaka kulitoa hilo joto unamwaga jasho ambalo kwenye mlima mrefu linaweza kufika hata lita nzima kwa saa. Sasa hilo jasho umelifungia zipu. Mvuke unagonga kitambaa kilichopozwa na mvua, unageuka maji, unakurudia.

Wengine watasema yameingia shingoni au kwenye mishono. Inawezekana, mishono isiyozibwa inavuja kweli. Kama una wasiwasi vaa koti juu ya tisheti kavu, simama chini ya bomba la bafuni dakika kumi bila kujitikisa. Ukitoka mkavu, mchawi mtafute kwingine.

Basi wenye hela wanakuja na jibu lao: nunua linalopumua. Yapo kweli. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore alivuta kwa ghafla plastiki ya moto, aina ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika, ikatanuka ikawa na vitundu vidogo kiasi kwamba tone la maji halipiti ila mvuke unapita. Ndiyo Gore-Tex hiyo. Tatizo ni kwamba watu wanadhani koti la hivyo linasukuma jasho nje, wakati halisukumi chochote.

Chukua hiace iliyojaa imefika stendi, konda kafungua mlango. Stendi ikiwa tupu abiria wanashuka fasta. Ikiwa imefurika watu wanaogombania kuingia, mlango ni ule ule, ukubwa ule ule, lakini kwa kila wawili wanaoshuka mmoja anapanda, na ndani panabaki pamebanana. Konda hana kosa, mlango hauna kosa, umati wa nje ndio unaoamua. Mvuke nao unapita pande zote mbili, na unaelekea kule kwenye nafasi. Ndani ya koti, hewa ya nyuzi 35 iliyoshiba unyevu ina kama gramu 40 za maji kwa mita moja ya ujazo. Nje, kwenye mvua ya Ulaya yenye nyuzi 5, ni gramu 7 hivi, stendi tupu kabisa. Kwenye mvua ya Mwanza yenye nyuzi 22 ni kama 19. Hiyo ni hewa iliyoshiba pande zote, barabarani namba zinachezacheza, ila unaona mlango umeanza kubanana. Na kitambaa cha nje kikishalowa chote, hali inazidi kuwa mbaya. Njombe kwenye baridi ya mwezi wa saba ni habari nyingine, kule koti la bei linaweza kulipa.

Huku ziwani, mvua ya joto acha ikulowe. Vaa jezi ya polista, hata ya Simba au Yanga kutoka mitumba ya Mlango Mmoja (najua wapo watakaoona bora wapate nimonia kuliko kuvaa ya upande wa pili). Nyuzi za polista zinanyonya maji chini ya asilimia 1 ya uzito wake, pamba inabeba karibu 8 kutoka kwenye hewa tu kabla hata mvua haijanyesha, na nayasema haya nikiwa Usukumani, wakulima wa pamba mnisamehe.

Kinachotesa ni kulowa halafu upepo. Kila gramu ya maji inayokaukia mwilini inaondoka na joto la kilojuli 2.4 hivi, ndiyo maana kwenye mteremko, au sehemu ya wazi kama Daraja la Kigongo–Busisi lenye kilomita 3 juu ya maji, unaweza kutetemeka na nyuzi 24. Hapo ndipo unahitaji kijaketi chembamba cha kuzuia upepo. Bodaboda wanageuza jaketi, mgongo unakuja mbele, na kwa baiskeli nayo si mbaya kwa sababu kifua kinakingwa na mvuke unatokea nyuma, ilimradi lisining'inie likanaswa na spoku.

Halafu beba seti moja kavu ya kuvaa ukifika gesti. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia ndoo ya rangi ya lita 10 yenye mfuniko, uifunge kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Hakikisha imeoshwa, maana rangi ya mafuta haitoki kwenye polista wala kwenye pamba.