Mouton Rothschild: yanayosemwa na yaliyomo kwenye chupa

Ukiona dukani chupa iliyoandikwa Mouton Cadet, bei yake ya kumudu, usishangilie kwamba umeokota Mouton Rothschild, mvinyo mwekundu maarufu wa shamba la jina hilo huko Bordeaux, Ufaransa. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote. Mavuno ya mwaka 1930 yalikuwa mabovu, na Philippe de Rothschild, aliyekuwa akiliendesha shamba, aliona hayastahili kubeba jina la nyumba. Akayauza kwa bei nafuu kwa jina la Mouton Cadet. Cadet kwa Kifaransa ni mtoto mdogo wa familia, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa mdogo kwao. Watu wakaupenda mno, shamba likazidiwa, zikaanza kutumika zabibu za wakulima wengine wa Bordeaux, na ndivyo ulivyo hadi leo. Mdogo halisi wa shambani, yaani mvinyo wake wa pili, anaitwa Le Petit Mouton, na yeye bei yake utaisikia.

Jina la Rothschild nalo linachanganya. Wengi hudhani Mouton na Lafite, shamba jingine maarufu la mvinyo, ni mali moja. Mashamba hayo ni majirani huko Pauillac, kando ya mlango wa mto uitwao Gironde, lakini wenyewe ni matawi mawili ya ukoo. Nathaniel, wa tawi la London, alinunua Mouton mwaka 1853. Mwaka 1868 James, wa tawi la Paris, akanunua Lafite. James huyo alikuwa baba mdogo wa Nathaniel, na tena baba mkwe wake. Undugu ulikuwepo, ila kila mtu na mapipa yake.

Kuhusu daraja, watu hufikiri mwaka 1855, mashamba ya Bordeaux yalipopangwa kwa madaraja, majaji walikaa mezani wakaonja, kisha wakatoa alama. La hasha. Napoléon III, mtawala wa Ufaransa, alitaka orodha kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, na madalali wa Bordeaux wakaipanga hasa kwa kuangalia bei ambazo mvinyo ulikuwa ukiuzwa. Mouton ikawekwa daraja la pili. Philippe alilipigania jambo hilo miaka mingi mpaka mwaka 1973, Jacques Chirac, wakati huo waziri wa kilimo, alipotia saini shamba likapanda daraja la kwanza. Hakuna shamba jingine la orodha ile lililowahi kupandishwa hivyo.

Mwaka huohuo wa 1973 unafundisha kitu kuhusu lebo. Tangu 1945 karibu kila mwaka lebo hubeba kazi ya msanii: Dalí 1958, Chagall 1970, Warhol 1975. Usidhani hulipwa mabunda ya fedha. Malipo yao ni makasha ya mvinyo. Lebo ya 1973 ina kazi ya Picasso, aliyefariki mwaka huo, na chupa zake husakwa sana ilhali mavuno yalikuwa ya hivihivi tu. Anayeinunua ananunua picha, si kinywaji.

Na yule kondoo dume, nembo ya shamba? Mouton kwa Kifaransa ni kondoo, ila jina la shamba linaaminiwa kutokana na neno la zamani la mwinuko wa ardhi. Kondoo aliletwa na Philippe, aliyezaliwa Aprili 1902 chini ya nyota ya Punda, ambayo Wazungu huichora kondoo.

Huku kwetu dhana iliyoshika mizizi ni kwamba mvinyo mzuri lazima uwe mtamu. Huu hauna utamu wa sukari, kwa kuwa karibu yote imegeuka kilevi wakati wa kuchacha. Zabibu zake nyingi ni Cabernet Sauvignon, zenye ganda nene, na mvinyo ukiwa bado mchanga una ukakasi kama wa ndizi mbichi. Ukakasi huo ndio unaouwezesha kukaa miongo kadhaa ukilainika taratibu. Mvinyo mwingi duniani hauna uwezo huo. Ukiuweka kabatini miaka 20 utakuta umechakaa na kupoteza ladha.

Mwisho, ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika "joto la chumbani". Msemo huo ni wa vyumba vya Ulaya vya zamani, vyenye baridi. Mvinyo huu unataka nyuzi 16 hadi 18. Kwa Dar es Salaam au Mombasa, uweke kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua.