Mlango wa kempa na mbwa wako

Wengi wetu tulikua na mbwa wa uani. Alikuwa na banda lake, ukuta au ua wa michongoma, na geti. Mlango wa nyumba haukumhusu. Ndiyo maana familia zinazozungumza Kiswahili ninazozihudumia hapa Marekani hushangaa ninapowaambia kwamba kabla ya safari ya kiangazi na kempa, yaani nyumba ya magurudumu ya kusafiria na kulala, somo la kwanza la mbwa wao litakuwa mlango. Mimi ni mkufunzi wa mbwa, na katika yote ninayofundisha kuhusu safari, hili ndilo nisilokubali kuliruka.

Kempa, iwe ya kuvutwa nyuma ya gari au yenye injini yake, kwa kawaida huwa na mlango mmoja wa kuingilia, na mlango huo hufunguka kwa nje. Hakuna ukumbi, hakuna baraza, hakuna geti. Mbwa akitoka kitandani mwake na kupiga hatua chache, yuko barabarani, au msituni, au nyuma ya gari linalorudi kinyumenyume kutafuta nafasi ya kuegesha. Nyumbani mbwa akikuchoropoka mlangoni, bado una ua wa kumzuia. Kwenye kempa kizuizi hicho cha pili inabidi ukitengeneze mwenyewe, kwa mafunzo na kwa vifaa, vyote viwili.

Hatari yake naieleza kwa mfano wa Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani, kwa sababu familia nyingi hutamani kufika huko. Julai 1981, mbwa alitoroka kutoka kwenye gari lililoegeshwa karibu na chemchemi za maji ya moto, akaruka ndani ya moja iitwayo Celestine, yenye joto la zaidi ya nyuzi 90 za Selsiasi. Kijana wa miaka 24 alimrukia ili amwokoe. Wote wawili walikufa. Oktoba 2021, katika hifadhi hiyohiyo, mbwa mwingine aliruka kutoka garini na kuingia kwenye chemchemi ya moto. Msichana wa miaka 20 alimfuata, akaungua vibaya kuanzia mabegani hadi miguuni, na baba yake ndiye aliyemtoa. Sheria ya hifadhi za taifa za Marekani inataka mbwa awe kwenye kamba isiyozidi futi 6, yaani kama mita 1.8. Lakini kamba hiyo haisaidii kitu ikiwa inafungwa baada ya mlango kufunguliwa.

Basi kanuni yangu ya kwanza ni mpangilio: kamba kwanza, kitasa baadaye. Hakuna anayegusa kitasa, mtoto wala mgeni, kabla mbwa hajafungwa kamba au hajaingizwa kwenye kizimba chake. Saa mbaya kuliko zote ni ile ya kufika kambini. Baba anaunganisha maji na umeme, mama anashusha viti, watoto wanaingia na kutoka, na mbwa amekaa njiani mchana kutwa akisubiri kukojoa. Mteue mtu mmoja ambaye kazi yake wakati huo ni mbwa peke yake. Masanduku yatasubiri.

Mafunzo yenyewe hayahitaji nguvu wala kelele. Yaanze nyumbani kabla ya safari, kisha yarudiwe ndani ya kempa ikiwa imeegeshwa mahali patulivu. Mbwa akiwa kwenye kamba, weka mkono kwenye kitasa bila kukizungusha. Akiinuka, ondoa mkono. Akitulia, mpe kipande cha kuku palepale alipo, chini karibu na miguu yake ya mbele, mbali na mlango. Mahali chakula kinapotua pana maana kubwa: mbwa anayelishwa kizingitini hujifunza kukaa kizingitini. Kitasa kikishakuwa jambo la kawaida kwake, fungua mlango upenyo wa vidole viwili. Akisogea, mlango unafungwa polepole, bila kumbana pua, akibaki, anapewa. Ongeza upenyo kidogo kidogo, mpaka mlango uwe wazi kabisa na wewe uweze kushuka ngazi na kurudi yeye akiwa bado amekaa. Kinachotakiwa kumwingia kichwani ni kwamba mlango kufunguka hakumpi ruhusa. Ruhusa inatokana na neno lako. Neno hilo lisiwe «haya» wala «twende», kwa maana hayo yanasemwa nyumbani kutwa kucha. Baadhi ya wateja wangu hutumia «huru», nalo limewafaa.

Kuna mambo mawili ya kempa ambayo mafunzo ya mlango wa nyumba hayakuandai kuyakabili. Mlango ukifunguka kwa nje, mkono wako unaufuata, kiwiliwili chako kinainama mbele, na nyuma ya miguu yako unabaki uwazi ambao mbwa mdogo anapita bila kukugusa. Simama upande, nyonga moja ikielekea ndani, na usiufungue kwa mkono ulionyooka hadi mwisho. La pili ni unaporudi kutoka nje. Wewe uko chini, juu ya udongo. Yeye yuko sakafuni mwa kempa, karibu usawa wa kifua chako. Akiruka, anapita begani. Kwa hiyo fungua kidogo tu, rusha ndani kabisa punje chache za chakula chake, na akigeuka kuzifuata ndipo uingie. Baada ya muda atakuwa anarudi ndani mwenyewe kila asikiapo kitasa, na hicho ndicho tunachokitaka.

Sasa vifaa. Kempa nyingi za Marekani zina mlango wa wavu nyuma ya mlango mkuu. Wavu huo umewekwa kwa ajili ya mbu. Mbwa wa kilo 20 akiona kindi anautoboa au kuung'oa kwenye fremu yake, na hata asipouchana, komeo lake jepesi huachia kwa kusukumwa. Kuna vyuma vya aluminiamu vinavyofungwa sehemu ya chini ya mlango huo, na fito za kukatiza katikati. Vifunge, lakini usimwache mbwa peke yake ukivitegemea. Mimi napendelea zaidi uzio wa kukunja, ule wa paneli za chuma, uliozungushiwa ngazi na kuwekewa kilango chake. Hapo ndipo unapata geti lako. Uliza utaratibu wa kambi kwanza, kwa kuwa baadhi hazikubali uzio. Kama unamfunga mbwa kwa ndani, tumia mkanda wa kifuani, kamwe usitumie kola ya shingoni, na kamba iwe fupi kiasi cha kutofika kwenye ngazi. Akiruka nje akiwa amefungwa shingoni, ananing'inia.

Upepo nao hauna huruma na milango hii myepesi. Nje ya ukuta kuna kishikizo cha kuuzuia mlango ukiwa wazi. Zoea hivi: mlango ama umefungwa, ama umeshikizwa kikamilifu. Ukiachwa nusu, upepo unaubamiza kwenye mkia au mguu, au unaufungua mkiwa mmelala.

Ngazi za chuma zenye nafasi kati ya vidato huwatisha mbwa wengi, na mguu unaweza kupenya na kuvunjika mbwa akiruka kwa pupa. Zilizotobolewa ili watu wasiteleze hunasa kucha. Zifunike kwa vipande vya zulia vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Ngazi ya umeme hujikunja mlango unapofungwa, kwa hiyo hakikisha mbwa hayuko karibu nayo. Hali kadhalika ile sehemu ya ukuta inayosukumwa nje kupanua chumba: kabla ya kubonyeza swichi yake, mbwa awe kizimbani au nje na mtu.

Liko jambo jingine ambalo watu hawalitarajii: mbwa kukufungia nje. Anaporuka mlangoni akikuona unaondoka, kucha zake zinaweza kuzungusha komeo la ndani. Ndani ya gari anakanyaga kitufe cha kufunga milango, ufunguo ukiwa kwenye kiti. Siku ya jua hilo ni jambo la dakika. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba joto ndani ya gari lililofungwa hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi kwa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Ufunguo wa akiba uwe mwilini mwa mtu mzima mmoja kila wakati.

Na akitoroka? Usimkimbize. Mbwa aliyeshtuka mahali pageni anaweza asikutambue hata wewe, na miguu inayomfuata inamsukuma mbali zaidi. Keti chini, mpe ubavu, usimkazie macho, tupa chakula kando yako. Akija, shika mkanda kwa upole, funga kamba, mpongeze. Asipoonekana, familia isihame eneo hilo. Acha blanketi lake na nguo uliyoivaa pale kempa ilipoegeshwa, na uwape habari wasimamizi wa kambi na majirani mara moja.

Chipu, kile kidude kidogo anachowekewa mbwa chini ya ngozi ili atambulike, haionyeshi alipo. Ni namba tu, nyingi zikiwa za tarakimu 15, inayosomwa kwa mashine ya daktari wa mifugo au kituo cha wanyama, na inamrudisha mbwa endapo simu iliyoandikishwa ndiyo unayotumia leo. Kagua usajili huo kabla ya kuondoka. Kwenye kola weka kibati chenye namba ya simu mtakayokuwa nayo njiani, na kila mfikapo kambi mpya ongeza karatasi ndogo ya plastiki yenye jina la kambi na namba ya sehemu yenu. Kalamu ya wino usiofutika inatosha.