Barafu kavu Dar: ogopa gesi kabla ya baridi

Karibu kila mteja mpya anayekuja kuchukua barafu kavu kwetu huuliza jambo moja: inaunguza? Ndiyo, inaunguza. Ina nyuzi 78.5 chini ya sifuri, na ukiibana kiganjani ngozi inaungua kama iliyoguswa na pasi. Lakini kwa muda wote ambao nimefanya kazi ya kusafirisha sampuli za maabara na bidhaa za baridi kali hapa Dar, vidole vya watu havijawahi kuninyima usingizi. Anayeninyima usingizi ni yule anayeweka boksi kiti cha nyuma, anapandisha vioo, anawasha kiyoyozi, kisha anaingia kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere.

Barafu kavu ni hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, iliyogandishwa. Ni gesi ileile tunayoitoa puani na inayotiwa kwenye soda. Hapa nchini inachimbwa hata ardhini, Rungwe mkoani Mbeya. Ili kutengeneza barafu yake, gesi hugeuzwa kimiminika kwa kugandamizwa sana, kisha huachiwa ghafla. Sehemu yake inakuwa theluji, na theluji hiyo hushindiliwa kuwa vitofali au punje. Ikiisha, haiyeyuki kuwa majimaji hata kidogo. Inatoka kwenye ugumu kwenda kwenye gesi moja kwa moja, na kilo moja hutoa takriban lita 540. Kwa hiyo aliyenunua kilo kumi amebeba lita 5,400 za gesi ambazo bado hazijatoka. Zitatoka tu. Boksi zuri kazi yake ni kuzichelewesha.

Tupige hesabu ya gari. Boksi la povu gumu, lile jeupe wanalopakia samaki, hupoteza kati ya kilo mbili na tano kwa siku, kutegemea unene wa kuta na mfuniko unavyokaa. Tuchukue kilo nne. Hiyo ni kama lita 90 za gesi kila saa. Ndani ya gari dogo kuna nafasi ya lita 3,000 hivi. Vioo vikiwa juu na kiyoyozi kikizungusha hewa ileile ya ndani, saa moja inakusogeza karibu na asilimia 3. Hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 tu. Viwango vya kazini vinavyotumika nchi nyingi ni asilimia 0.5 kwa zamu ya saa nane, na asilimia 3 kwa dakika zisizozidi 15. Asilimia 4 inahesabiwa kuwa hatari ya papo kwa papo kwa uhai. Ikifika 10, mtu hupoteza fahamu ndani ya dakika chache.

Utaniambia gari halizibi kabisa, hewa huvuja milangoni. Ni kweli, na hesabu yangu imechukua upande mbaya. Lakini sijahesabu boksi lenye mfuniko uliopasuka, wala punje zilizomiminwa kwenye kiroba, ambazo huisha haraka mno. Sijahesabu pia saa ya pili ya foleni. Julai 2018, katika jimbo la Washington kule Marekani, mwanamke mmoja alikutwa amefariki na mwenzake akiwa hajitambui ndani ya gari lililokuwa na maboksi ya barafu kavu nyuma. Hakukuwa na moto wala ajali.

Ubaya wa gesi hii ni kwamba haina rangi wala harufu ya kukushtua. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kupumua harakaharaka, jasho, moyo kwenda mbio, kisha uzito wa mawazo na usingizi. Sasa niambie, ni dereva gani aliyekwama Tazara saa nane mchana asiye na dalili hizo? Hatashuku chochote. Ndiyo maana ninawaambia madereva wetu wasisubiri dalili. Wapange safari kana kwamba dalili hazitakuja.

Chombo kizuri cha kubebea barafu kavu mjini ni kile kilicho wazi nyuma. Kirikuu inafaa sana, pikapu pia. Hata bajaji, kwa habari ya hewa, ni salama kuliko gari la kifahari lenye vioo vyeusi. Kama huna budi kutumia gari la kufungwa, beba kidogo, na usidhani buti itakukinga: kwenye magari mengi madogo buti na sehemu ya abiria hupeana hewa, na kwenye Noah hakuna hata ukuta wa kuvitenganisha. Fungua angalau vioo viwili, kimoja mbele na kingine nyuma upande wa pili. Kiyoyozi ukikitaka, bonyeza kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaoingia kutoka nje, ili kivute hewa ya nje, maana wengi wetu hukiacha kwenye mshale unaozunguka ndani kwa sababu ya vumbi na moshi wa malori. Usimwache mtoto garini hata ukishuka kununua vocha. Ukirudi kwenye gari lililokuwa limeegeshwa na boksi ndani, fungua milango yote na usimame nje kwa muda kabla ya kuingia.

Kuna watu makini ambao hununua kipimo cha oksijeni na kukitundika stoo, wakajiona wamemaliza. Hapa nina ugomvi wa kitaalamu. Vipimo hivyo kwa kawaida hupiga kelele oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5. Hewa ya kawaida ina 20.9. Ili hewa ukaa isukume oksijeni hadi hapo, ni lazima yenyewe ifike karibu asilimia 6.7. Maana yake, kipimo kitanyamaza wakati umeshapita ile asilimia 4 ya hatari. Hewa ukaa inadhuru kwa nafsi yake, kwa kuchafua damu kuwa na asidi, hata oksijeni ikiwa bado ya kutosha. Nunua kipimo cha hewa ukaa, au usijidanganye.

Gesi hii ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Inatambaa chini na kutulia kwenye mabonde na mashimo. Watu wa Goma wanaijua vizuri. Mazuku yao ni hewa ukaa inayotoka ardhini na kujaa mabondeni, ikaua mbuzi na wakati mwingine watu. Na usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun lilitoa wingu la gesi hii likashuka bondeni na kuua zaidi ya watu 1,700. Sisi tunashughulika na kilo, si tani, lakini tabia ya gesi haibadiliki. Kwa hiyo barafu kavu haihifadhiwi kwenye maegesho ya chini ya jengo, wala stoo ya chini ya ngazi, wala kile chumba kidogo cha vifurushi kwenye ofisi za mabasi ambacho dirisha lake limezibwa kwa maboksi tangu mwaka juzi. Chumba cha ubaridi cha kuingia mtu nacho hakifai, kwa sababu kimejengwa ili hewa isitoke. Tafuta chumba kilicho usawa wa ardhi, chenye matundu ya hewa usawa wa sakafu, kivuli, na mlango ambao watoto hawaufikii. Mezani au kwenye rafu ni bora kuliko sakafuni, lakini usiweke juu ya kichwa cha mtu.

Akianguka mtu katika chumba kama hicho, usimrukie. Wanaomfuata mwenzao shimoni au stoo bila hewa safi huanguka juu yake, na jambo hilo limeua wengi duniani kote. Fungua milango na madirisha kutoka nje, piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, na mvute nje tu kama unaweza kumfikia bila kuingiza kichwa chako kwenye hewa ileile.

Friza ya nyumbani haisaidii. Ina nyuzi 18 chini ya sifuri, ambazo kwa barafu kavu ni joto kali. Itaendelea kuisha, itaijaza friza gesi, na wewe utakayefungua mlango huku umeinama utaivuta yote. Tena usifunge kwenye kitu kisichopumua: chupa ya soda, chupa ya chai, ndoo ya mfuniko wa kubana. Gesi hukusanyika mpaka chombo kipasuke, na vipande vyake huruka kwa nguvu ya kutoboa jicho. Hata boksi la povu tunalifunga kwa utepe wa gundi upande mmoja tu wa mfuniko, tunaacha njia. Mtu anayezungusha utepe mara kumi akidhani anatunza baridi anatengeneza kitu kingine kabisa.

Hapa niseme jambo linaloniumiza kibiashara: wengi wanaonipigia simu hawahitaji barafu kavu. Anayepeleka insulini kwa mama yake Singida hahitaji. Insulini inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Chanjo nyingi za kawaida ni hivyohivyo. Anayenunua samaki wabichi Feri hahitaji. Barafu ya maji iliyopondwa inawaweka karibu na sifuri, ambako ndiko samaki mbichi anakotaka kuwa, wakati barafu kavu itamgandisha nje na kumkausha nyama. Barafu kavu ni ya vitu vilivyogandishwa tayari na ambavyo lazima vibaki hivyo: sampuli za damu na tishu kutoka kwenye majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, baadhi ya chanjo na dawa za baridi kali, aiskrimu ya safari ndefu. Kwa hayo, haina mpinzani. Kilo kwa kilo hunyonya joto zaidi ya barafu ya maji, na haiachi maji. Chukua vitofali badala ya punje kama safari ni ndefu, kwa sababu huisha polepole, na ujaze nafasi iliyobaki ndani ya boksi kwa magazeti yaliyokunjwa. Uwazi ndani ya boksi unakula barafu.

Kwa wenzangu wa maabara: barafu kavu haiingii kamwe ndani ya kile chombo cha pili kisichovuja, kinachobeba vichupa vya sampuli. Inakaa kati ya chombo hicho na boksi la nje. Na vichupa viwe vya mfuniko wa skrubu uliokazwa, kwa sababu gesi ikipenya ndani hugeuza sampuli kuwa na asidi, kisha mtafiti ataumia kichwa akitafuta kosa kwenye mashine.

Harusi nazo. Maharusi kucheza juu ya mawingu imekuwa kama kifungu cha lazima kwenye bajeti ya kamati. Ule moshi mweupe ni mvuke wa maji uliopozwa. Gesi yenyewe huioni, na mawingu yakishatoweka gesi bado iko sakafuni. Kwenye ukumbi mkubwa wenye milango wazi, kilo tano za wimbo mmoja hazinitishi kwa mtu mzima aliyesimama. Wanaonitisha ni watoto wanaokimbilia kulala ndani ya mawingu, kwa kuwa pua zao ziko palepale gesi ilipo, na fundi aliyeweka kilo thelathini za akiba kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha bibi harusi. MC awaite watoto mezani kabla mashine haijawashwa, na akiba ikae nje. Bwawa la kuogelea la ndani ndiyo kabisa usijaribu: Februari 2020 mjini Moscow watu watatu walikufa kwenye sherehe baada ya barafu kavu kumwagwa bwawani. Na kinywaji chenye kipande kinachofuka, kisinywewe mpaka kipande kiishe chote. Machi 2024, katika mgahawa mmoja Gurugram, India, wateja walipewa barafu kavu kimakosa badala ya kisafisha kinywa, wakatapika damu.

Kwa ndege sheria ziko wazi. Abiria anaruhusiwa hadi kilo 2.5, kwa idhini ya shirika la ndege aliyoipata mapema, si kwa kubembeleza kaunta ya Terminal 3. Mzigo wa kargo unakwenda kama bidhaa hatarishi, namba ya utambulisho UN 1845, daraja la 9, usiozidi kilo 200 za barafu kavu kwa kifurushi. Boksi liandikwe jina la bidhaa, namba hiyo, uzito halisi wa barafu peke yake kwa kilo, mtumaji na mpokeaji, na libandikwe ile lebo ya almasi yenye michirizi myeusi juu. Na lazima lipitishe gesi. Mizigo mingi ninayoona ikirudishwa inarudishwa kwa uzito ambao haukuandikwa, au ulioandikwa pamoja na boksi.

Inayobaki usiimwage kwenye sinki wala chooni; baridi hupasua bomba na marumaru, na gesi huingia chemba. Usiitupe jalalani ambako watoto wataiokota. Iache kwenye boksi lililo wazi, nje, kivulini, mahali penye upepo, na mtu mzima ajue iko pale. Kwa joto la Dar, kesho yake kwa kawaida boksi ni tupu. Ukiishika tumia koleo au glavu nene zinazovulika kirahisi, za ngozi au za kitambaa kizito. Zile nyembamba za hospitali hazizuii kitu. Miwani ya kukinga macho uvae unapovunja vitofali. Ukiungua, loweka sehemu hiyo kwenye maji ya uvuguvugu, usisugue, usipake dawa ya meno wala asali, na kama kuna lengelenge au ganzi isiyoisha nenda hospitali ukiwaambia ni baridi iliyounguza, si moto.