Vyuma, jasho na adabu: yanayosemwa jimu za Mombasa, na ukweli wake

Ingia jimu yoyote Mombasa jioni, iwe ya ghorofani Nyali yenye kiyoyozi au ya uani Kisauni yenye benchi za kuchomelea, utasikia mafundisho yaleyale yakitolewa kwa uhakika mkubwa. Mengi hayana msingi. Baya zaidi ni lile ambalo watu hawalitamki lakini wanaishi nalo: kwamba adabu ni kitu kimoja na ufundi wa kunyanyua ni kingine.

“Kuomba usimamiwe ni woga”

Benchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma juu, ndilo zoezi la mabarobaro, na chuma kikikushinda hapo kinakulalia kifuani au shingoni. Kumwambia mtu “Ami, nisimamie” kabla ya seti nzito, yaani mfululizo mmoja wa marudio, ni sehemu ya zoezi lenyewe. Mweleze unataka marudio mangapi, na aingilie lini. Msimamizi naye ana kazi yake: mikono iwe karibu na chuma bila kukigusa, mpaka kisimame njiani au kianze kurudi chini. Yule anayepiga kelele “ni wewe, ni wewe!” huku anavuta nusu ya uzito anakudanganya. Hizo kilo unazojisifia ni zenu wawili.

Halafu kuna kidole gumba. Wako wanaokilaza upande mmoja na vidole vingine, eti kifundo cha mkono kinatulia. Kwa viganja vyenye jasho la Pwani, chuma kikiteleza hakuna cha kukizuia. Kizungushie kidole gumba. Na ikibidi unyanyue peke yako kwenye benchi isiyo na vyuma vya usalama pembeni, usifunge klipu zinazoshika sahani za uzito: ukikwama utainamisha chuma upande mmoja, sahani zidondoke. Jimu nzima itageuka kukutazama, lakini utaamka mzima.

“Kurudisha vyuma ni kazi ya kijana wa jimu”

Chuma kirefu cha mashindano kina kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake. Kikiwa juu ya stendi, ukimaliza kutoa sahani zote za upande mmoja kabla hujagusa za upande wa pili, kinaweza kupinduka na kumpiga anayepita. Toa moja kulia, moja kushoto. Anayeacha kilo 100 zimepangwa akaenda zake kuoga, amemwachia mzee aliyetumwa na daktari afanye mazoezi mepesi kazi ya kubeba mizigo ambayo hakuijia.

Kwenye jimu za uani, ambako uzito ni saruji iliyomwagwa makoponi, usiiamini namba iliyoandikwa kwa rangi. Makopo mawili yanayofanana kwa sura yanaweza kupishana kwa uzito, na chuma kilichoelemea upande hukupinda mgongo bila wewe kujua. Yapeleke kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu, kisha yaoanishe yanayolingana.

“Magoti yasipite vidole vya miguu”

Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote, na walimu wa jimu wanaisambaza kwa nia njema. Lakini mtu aliyelelewa huku amechuchumaa tangu utotoni, akifua, akiparua samaki, na magoti yake yamepita vidole kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwapima wanaume wakipiga skwoti, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, kwa namna mbili: magoti yakiachwa huru, na magoti yakizuiwa na ubao yasiende mbele. Yalipozuiwa, mzigo kwenye magoti ulipungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 20. Kwenye nyonga ulipanda hadi mara 10 hivi, kwa sababu mwili ulilazimika kuinama zaidi mbele. Yaani unaliokoa goti kwa kuitwisha nyonga na kiuno.

Kwa magoti mazima, ya kuangalia ni mengine. Visigino visinyanyuke. Magoti yaelekee zilikoelekea nyayo, yasiingie ndani. Shuka kadiri mgongo unavyobaki imara. Vuta pumzi kabla ya kushuka na ukaze tumbo kama mtu anayengoja ngumi. Hiyo pumzi ndiyo inayoushikilia uti wa mgongo. Mwenye presha asibane pumzi, azungumze na daktari wake kwanza.

Anayeshuka na mzigo mabegani usipite mbele yake, wala usimsemeshe. Akiyumba kidogo tu, mgongo ndio unaolipa. Na wewe unayekunjia mikono kilo 15 ndani ya stendi ya skwoti wakati foleni inangoja, kwingine nafasi ni tele.

“Jasho ni mafuta yanayeyuka”

Kama ingekuwa hivyo, abiria wa feri ya Likoni wangekuwa wembamba wote. Jasho hupoza mwili, nalo hupoza likikauka. Hewa yetu imejaa unyevu, kwa hiyo linachuruzika tu. Uzito unaopungua ndani ya saa moja ni maji, na utarudi ukinywa. Mafuta mwilini yakishatumika, sehemu kubwa hutoka kwa pumzi kama kaboni dioksidi. Wanaovaa jaketi na mifuko ya plastiki Machi jua likiwaka wanajitafutia kuzirai. Benchi uliyoilowesha ifute: anayefuata anahitaji mabega yasiteleze, na chumvi ya jasho hutia chuma kutu.

“Mwanamke akinyanyua atakuwa na mwili wa kiume”

Homoni ya testosteroni, ambayo husaidia sana kujenga misuli mikubwa, ni kidogo mno kwa wanawake wakilinganishwa na wanaume. Wanawake waliingia kwenye unyanyuaji vyuma wa Olimpiki mwaka 2000, Sydney. Kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, Hidilyn Diaz wa Ufilipino, aliyeshindana uzani wa kilo 55, alipandisha kilo 127 juu ya kichwa na kuipa nchi yake dhahabu ya kwanza. Kwa hiyo dada akiwa kwenye stendi, mwache. Kama hakukuomba umfundishe, cha kumuuliza ni kimoja: “Dada, umebakisha seti ngapi?”

Mengine ni ya haraka. Mazoezi ya tumbo hayachagui kuchoma mafuta ya kitambi. Maumivu ya kesho yake hayapimi ubora wa zoezi. Na Ramadhani haiyeyushi misuli ya mwaka mzima: punguza seti, weka uzito ule ule kadiri unavyouweza, ufanye baada ya futari kushuka tumboni na maji ya kutosha.