Msiyalaumu maharage, tazameni glasi ya juisi

Mzee mmoja aliingia chumbani kwangu amevaa kiatu mguu mmoja, ndala mguu wa pili. Kidole gumba kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu hadi kinang'aa. Usiku, alisema, hata shuka ikikigusa anaruka. Jongo hilo, au gauti kama wengi wanavyoliita. Akafungua daftari: maharage, dengu, mchicha, uyoga, vyote vimekatwa kwa kalamu nyekundu.

"Nimebaki na wali na mkate, daktari." (Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, ila kusahihisha nimeshachoka.)

Nikamuuliza anakunywa nini. Uso ukachangamka: juisi ya machungwa, lita nzima kwa siku, "ile halisi, mwanangu, si ya dukani."

Asidi ya yuriki, ndiyo inayoleta jongo, ni mabaki ya purini, kemikali zilizomo katika seli za mwili na katika vyakula vingi. Karibu theluthi mbili hutokana na seli za mwili wenyewe. Chakula huleta kinachobaki. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi, sisi hatuna, kwa hiyo tunategemea figo na utumbo kuitoa. Ikipita takriban miligramu 6.8 kwa desilita moja ya damu, inaweza kuganda kwenye kiungo kuwa fuwele zenye umbo la sindano.

Ni kweli kunde na mchicha vina purini. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani kwa miaka 12, ulikuta jongo limewapata zaidi walaji wa nyama na vyakula vya baharini. Kwa mboga zenye purini nyingi, hatari haikuongezeka. Ile orodha ya zamani ya vyakula vya kukatazwa bado inazunguka mikononi mwa wagonjwa, na inaniudhi, maana inawanyang'anya protini nzuri bila sababu.

Juisi ndiyo kesi yenyewe. Ini likipokea fruktosi, yaani sukari ya matunda, nyingi kwa mkupuo, hutumia ATP, nishati ya seli, upesi mno, na mabaki ya ATP hiyo huishia kuwa asidi ya yuriki. Hapo purini ya chakula haihusiki kabisa. Chungwa zima unalitafuna taratibu pamoja na nyuzi zake. Glasi moja imeyameza matatu au manne, na inashuka kooni kwa dakika moja.

Bia nayo hutokana na nafaka, lakini isijifiche humo: ina purini za hamira, na kileo kinazuia figo kutoa yuriki. Kahawa imehusishwa na kiwango cha chini cha yuriki, vitamini C hushusha kidogo. Cheri zina dalili njema, ingawa si kwa kiasi kinachotangazwa na wauza unga wake.

Mwenye figo dhaifu asijiongezee mboga na matunda ovyo kwa sababu ya potasiamu. Karambola, lile tunda lenye umbo la nyota likikatwa, asiiguse.

Kipimo cha yuriki cha mzee kilikuwa 9.4. Lishe peke yake, hata ikifuatwa kwa ukali, kwa kawaida hushusha kama miligramu moja tu, na lengo lake lilikuwa chini ya 6. Nikamrudisha kwa daktari wake kuzungumzia alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki. Kabla hajaondoka nikaandika upya maharage na dengu daftarini. Akaitazama kalamu.

"Na juisi?"

"Kula chungwa, mzee."

Akaichukua ile nyekundu, akaikata juisi mwenyewe.